Muulize Mama Malori: Nimetoka jela, nani atanipa usukani?

Barua nyingi nilizopokea tangu msimu wa korosho uanze zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu aliyewahi kufungwa, au aliyefungiwa leseni, anaweza kuaminiwa na lori? Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua vijana wengi wa Tandahimba, Newala na Masasi watajiona humo.

Shikamoo Mama. Nina miaka 31, naishi Nanguruwe. Nilikuwa utingo wa Fuso, nikajifunza kuendesha, nikapata leseni ya daraja D na kukaa nayo miaka minne. Msimu mmoja tulishirikiana na wenzangu kutoa magunia ya korosho ghalani usiku, tukawauzia watu wa kangomba, wale walanguzi wa korosho. Tulikamatwa. Nilihukumiwa miaka mitatu, nikatumikia Lilungu, nikatoka mapema kwa msamaha wa theluthi. Leseni iliisha muda nikiwa ndani. Nataka kuendesha lori kubwa, ndiyo kazi niliyoitamani tangu utotoni. Mjomba anasema nihamie Dar es Salaam, huko hakuna anayenijua. Kuna jamaa anataka nimpe laki tatu anitengenezee daraja E bila kusumbuka. Je, sheria inaniruhusu kuwa dereva? Na tajiri nimwambie kwamba nilifungwa?
*Kijana wa Nanguruwe*

Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani.

Nianze na sheria kwa kuwa upande huo ndio mwepesi. Leseni hufungiwa kwa makosa ya barabarani, na wewe hukufungwa kwa kuendesha vibaya. Chukua nakala ya hukumu yako uisome, au umpe mtu akusomee. Kama hakuna amri ya kukuzuia kuendesha, basi leseni yako imeisha muda tu, kama inavyoisha ya mtu mwingine yeyote. Nenda TRA ukaihuishe. Uwe na namba ya NIDA na TIN, na ada ya leseni ni shilingi 70,000 kwa miaka mitano. Daraja E ndilo la magari mazito ya mizigo, na sharti lake ni kuwa umeshika D kwa muda usiopungua miaka mitatu, halafu mafunzo kwenye chuo kinachotambulika na mtihani wa polisi. VETA ipo Mtwara na ipo Lindi, na mwenye uwezo wa kufika Dar kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Mlango huo uko wazi kwako.

Huyo wa laki tatu mkimbie. Trafiki siku hizi haridhiki na kuiangalia kadi tu. Anaingiza namba kwenye mfumo, na kilichomo ndicho kinachoongea. Ukishikwa na leseni ya kughushi husimami tena mbele ya hakimu kama mkosaji wa mara ya kwanza. Na ukipata ajali nayo, bima ina sababu ya kukataa kulipa, na hapo lori la mtu limeharibika, mzigo wa mtu umemwagika, na wewe huna pa kushika.

Sasa tuje kwenye lililo gumu, yaani tajiri, mwenye lori. Mimi ni tajiri kwa jina hilo mnalotuita nyie madereva, ingawa malori yenyewe ni ya mkopo wa benki na usiku sipati usingizi mpaka nisikie gari limevuka Kibiti. Acha nikueleze kinachopita kichwani mwetu tukimwona kijana kama wewe mlangoni.

Semi lililobeba mzigo hula karibu lita moja ya dizeli kila kilomita mbili. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Kwa hiyo kwa kwenda tu unazungumzia lita zisizopungua 250. Madumu mawili ya lita 20 yakishushwa njiani usiku, naweza nisigundue mpaka mwisho wa mwezi nikipiga hesabu. Tairi jipya linaweza kurudi kuukuu. Betri hubadilishwa, jeki hupotea, mifuko ya saruji huambiwa ilipasuka. Dereva anakabidhiwa mali ya mamilioni na anaondoka nayo gizani, mwenye mali akabaki na simu mkononi. Ndiyo maana nakwambia ukweli usiopendeza: kijana aliyefungwa kwa kupigana kilabuni ananitia wasiwasi kidogo kuliko wewe. Wewe ulifungwa kwa kuchukua mzigo uliokuwa chini ya ulinzi, na kazi unayoiomba ni kulinda mzigo. Kila tajiri ataliona hilo kabla hujamaliza sentensi. Ni afadhali nawe ulione, ujue unakwenda kujibu nini.

Ndiyo maana nakusihi usianze na korosho. Siku hizi korosho za kusini zinapelekwa bandari yetu ya Mtwara, malori yanapangana msimu mzima na kazi ni nyingi, najua inavyovutia. Iache kwa sasa. Hata uwe mwaminifu kiasi gani, gunia moja likipungua kwenye ghala ambalo lori lako lilipita, jina lako litatajwa kabla ya mengine yote, na hutakuwa na wa kukutetea. Anza na mzigo usiokwapuka kirahisi: kokoto, mchanga, chumvi. Ukishapata daraja E, tafuta makaa ya mawe yanayotoka Mbinga kuja bandarini. Makaa hupimwa yakipakiwa na hupimwa yakishushwa, na mtu hauzi gunia la makaa ya mawe njiani akapata pesa ya maana. Karatasi za mizani zitakusemea, safari baada ya safari. Zitunze nakala zake, kwa sababu kwako wewe ni barua za utambulisho.

Usione haya kurudi kuwa utingo. Tingo anayejua kuendesha huonekana haraka. Dereva akiugua au akifiwa, anatafutwa deiwaka, dereva wa muda, wa kumshikia gari, na aliye karibu mwenye leseni halali ndiye anayeitwa. Wengi wa madereva wazuri ninaowajua kusini hii waliingia kwa mlango wa udeiwaka.

Umeuliza kama umwambie tajiri. Ndiyo, mwambie. Na umwambie wewe, kabla hajaambiwa. Mjomba wako anakupenda, lakini barabara ya kusini ni moja. Dereva wa Dar na dereva wa Mtwara wanapita Mingoyo ile ile, Nangurukuru ile ile, Daraja la Mkapa lile lile. Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga na malori yakakwama siku kadhaa. Madereva walipika sufuria moja, walilala chini ya tela moja, na walipoachana kila mtu alijua habari za mwenzake tangu alipozaliwa. Dar haitakuficha hata mwezi.

Namna ya kusema nayo ni kazi. Usiseme kwa simu, wala mbele ya madereva wengine kijiweni. Omba dakika tano, kaa naye, useme kosa, kifungo, na tarehe uliyotoka. Basi. Usianze kueleza nani alikuponza, na usiape. Mimi anayeapa namwogopa. Mmoja wa madereva wangu alikuja kwangu na mwenyekiti wa mtaa wake, na hata kabla hajakaa vizuri kwenye kiti akasema, "Mama, nilifungwa kwa kumjeruhi mtu kwa kisu, nimetoka, na huyu ndiye atakayenidhamini." Nilimpa utingo wa gari la kokoto. Leo anakwenda Tunduma na kichwa cha semi ambacho simpi mtu mwingine. Kulikuwa na mwingine aliyeficha. Huyo hakuniibia hata nati, nasema haki yake. Lakini habari zake nilizipata kwa fundi wa pancha, na kuanzia siku hiyo kila aliponiambia gari limechelewa mizani nilijiuliza kama ni kweli. Tuliachana. Jela yake ningeweza kuishi nayo. Kutojua kipi kingine kimefichwa nilishindwa.

Siku ya kwenda kwa tajiri beba karatasi ya kutoka gerezani, nakala ya hukumu, barua ya mtendaji wa kijiji, na majina ya wadhamini wawili ambao wamekubali wenyewe, mmoja awe na nyumba au shamba la mikorosho. Kampuni kubwa, hasa za mafuta na viwanda, zinaweza kukudai cheti cha tabia njema cha polisi. Hicho hutolewa baada ya kuchukua alama za vidole, na hukumu yako itaonekana, kwa hiyo usipoteze pesa kwa anayedai ana njia ya kuipitisha kimya. Anza na wenye lori moja au mawili. Hao humtazama mtu usoni.

Jambo moja ambalo hukuliuliza lakini sitalala nisipolisema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ulemavu, VVU na mengineyo, lakini kifungo cha jela hakimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo tajiri anaweza kukukataa kwa sababu hiyo na usiwe na pa kwenda. Lakini akishakuchukua, wewe ni mfanyakazi kama wengine. Dai mkataba wa maandishi. Mshahara wako haukatwi kwa hasara mpaka uelezwe hasara yenyewe na usikilizwe. Nimeona matajiri wanaopenda kuajiri waliotoka jela kwa sababu moja tu, kwamba hawatathubutu kulalamika. Wanawalipa nusu ya posho na kuwaambia washukuru. Hilo ni wizi pia, na hakuna anayefungwa kwa hilo. Ukikutana naye, ondoka hata kama mfukoni huna nauli.

Mama Malori, habari za kazi. Mimi ni dereva mtu mzima, wa Lindi mjini. Nikitoka Dar na bidhaa za dukani, alfajiri moja karibu na Kiranjeranje nilimgonga kijana wa bodaboda, akafariki. Mahakama ilinitia hatiani kwa uendeshaji wa hatari, nikalipa faini na leseni ikafungiwa. Muda wa kufungiwa unaisha hivi karibuni. Matajiri wawili nimewaambia ilikuwa bahati mbaya, wote wamesema watanipigia na hawajapiga. Ukweli ni kwamba usiku ule nilikuwa sijalala, nilishusha mzigo Dar, nikapakia, nikageuza siku hiyo hiyo. Nifanye nini?
*Dereva wa Lindi*

Kaka yangu, pole. Na Mungu amrehemu kijana yule, awape subira wazazi wake.

Kabla ya kazi nakuuliza: umewahi kwenda kwao? Huenda hakimu hakukuagiza hilo, na pengine ulishauriwa ukae mbali. Kesi sasa imekwisha. Tafuta mzee wa kwenu na sheikh au mchungaji wanaofahamika kule, wapeleke salamu kwanza, waulize kama familia iko tayari kukupokea. Wakikataa, umefanya lililo lako. Wakikubali, nenda bila maneno mengi. Nakwambia hili kama mama aliyezika, wala halina uhusiano na tajiri yeyote.

Mpaka siku ya mwisho ya kufungiwa usishike usukani, hata wa kulisogeza gari la jirani gereji. Kuendesha huku leseni imefungiwa ni kosa lingine kamili, na litafuta huruma yote uliyobakiwa nayo. Katika muda huu angalia kama kuna faini zinazosubiri kwenye leseni yako, zile za shilingi 30,000 ambazo madereva huziacha zikalundikana. Zilipe. Tajiri akiingiza namba yako aone hakuna deni.

Halafu acha neno bahati mbaya. Naelewa kwa nini unalitumia, lakini ukilisema mimi nasikia kwamba hujui kilichotokea, na asiyejua kilichotokea kitamtokea tena. Sema ulivyoniandikia mimi: sikuwa nimelala, nikageuza siku hiyo hiyo. Kisha sema utakachofanya ukiwa na gari lake: usingizi ukija utaegesha mahali salama, utampigia, na atakusubiri. Tajiri anayekasirika kusikia hivyo si wa kumfanyia kazi. Ongeza kozi ya kujikumbusha, VETA au Mabibo, uje na cheti cha tarehe ya baada ya ajali. Sheria ya mwendo unaijua lakini irudie kwa sauti: gari la zaidi ya kilo 3,500 mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi ni 50. Kuanzia Somanga kushuka mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi vijiji vimeikumbatia lami pande zote mbili, na alfajiri ndiyo saa ya watoto kwenda shule, kina mama kwenda kisimani, na vijana wa bodaboda wanaopita bila taa.

Rekodi yako, ukiniuliza, ni nyepesi kuielezea kwa mwenye mali kuliko ya kijana wa korosho hapo juu, na ni nzito zaidi mbele ya Mungu. Vyote viwili ni kweli.

Na nyie matajiri wenzangu mnaosoma hapa. Mnajua nani alimwambia huyu bwana ageuze siku hiyo hiyo. Aliyehukumiwa ni mmoja tu, lakini amri ya kuwahi ilitoka kwa mwenye gari, kwa simu, kama tunavyofanya wengi. Dereva aliyeshusha na kupakia siku moja alale. Mzigo wa dukani hauozi kwa usiku mmoja. Na kama mna nafasi ya dereva aliyefungiwa leseni na akamaliza adhabu yake, msimkimbie kabla ya kumsikiliza. Kuna wengine wenye leseni safi ambao usingizi haujawashika tu bado.

Dada, mimi ni wa Mikindani. Mdogo wangu yuko Marekani, anataka kuwa dereva wa malori makubwa. Alishawahi kukamatwa akiendesha gari lake dogo amelewa. Anasema kule ukishakosea mara moja basi. Ni kweli?
*Dada wa Mikindani*

Si kweli kwa namna anavyoisema, ingawa kule wana masharti makali.

Leseni ya malori kule inaitwa CDL. Sheria yao ya shirikisho inasema mwenye CDL akitiwa hatiani kwa ulevi, hata kama alikuwa kwenye gari lake binafsi, anazuiwa kuendesha malori mwaka mmoja. Akiwa alibeba mzigo wa hatari kama mafuta, ni miaka mitatu. Kosa la aina hiyo likirudiwa ni maisha, ingawa jimbo linaweza kumfikiria tena baada ya miaka 10. Wasiofikiriwa kabisa ni waliotumia lori kusafirisha dawa za kulevya kwa biashara au kusafirisha binadamu. Kiwango cha pombe kwa dereva wa lori ni asilimia 0.04 kwenye damu, nusu ya kile cha gari dogo katika majimbo mengi.

Mdogo wako alikuwa bado hana CDL, kwa hiyo cha kwanza ni leseni yake ya kawaida: kama imefungiwa, hawezi kuomba ya malori mpaka ifunguliwe. Cha pili ni mwajiri. Kampuni kule inatakiwa kuchukua rekodi ya udereva ya miaka mitatu iliyopita kabla ya kumpa mtu gari, na nyingi hutazama nyuma zaidi kwa sababu ya bima. Kosa la zamani kidogo lina nafuu kuliko la juzi. Akitaka mizigo ya hatari kuna ukaguzi wa makosa ya jinai pia, ambao kwa makosa kadhaa makubwa huhesabu miaka saba tangu hukumu na mitano tangu kutoka gerezani. Ulevi barabarani peke yake kwa kawaida si wa kundi hilo.

Shule za udereva wa malori kule ni ghali, na zipo zinazompokea mtu yeyote zikijua hataajiriwa. Mwambie kabla ya kulipa chochote aombe rekodi yake kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lake, kisha azipigie kampuni mbili tatu anazozitaka, azisomee kilichoandikwa, na aulize waziwazi kama wangemchukua.